Mguu wa Nyumbani

Mguu wangu wa kulia ndio uliokuwa unafukia mbegu. Kwetu Uriri wanawake tunapanda hivyo: jembe linafungua shimo, mkono unadondosha mahindi, mguu unasukuma udongo na kukanyaga kidogo, kisha hatua mbele. Nilifanya hivyo tangu nilipoolewa. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba mguu ule ulizaliwa mkulima, mimi niliufuata tu. Nakumbuka udongo wa asubuhi baada ya mvua ya kwanza, baridi juu na vuguvugu chini, ukipenya katikati ya vidole. Naukumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu.

Kidonda cha sukari kiliuchukua, chini kidogo ya goti. Nililia nikamaliza, maana wanangu watatu walikuwa wamekaa kando ya kitanda wakinitazama kama ng'ombe mgonjwa.

Baadaye tukasikia kuna mafundi wa miguu ya bandia wamepiga kambi ya siku chache Homa Bay. Nikaenda. Fundi aliyenipokea alikuwa mtu mpole wa kutoka mbali, hajui Kijaluo, nami Kiswahili changu ni cha sokoni. Akanipima, akaniuliza:

"Mama, huu mguu utatumia wapi sana?"

"Nyumbani tu, daktari. Mimi si mtu wa kuzunguka."

Akaandika. Kumbe hapo ndipo tulipopoteana. Kwangu mimi nyumbani ni dala: nyumba, zizi, na shamba lote mpaka kwenye ua wa mkonge. Kwake yeye nyumbani ni sakafu. Akanipa mguu mzuri, mwepesi, wenye unyayo laini, wa kutoka chumbani kwenda sebuleni. Pale kambini, kwenye saruji, nilitembea mpaka watu wakanipigia makofi.

Kisha mvua ikanyesha. Desturi yetu ni kwamba mama mwenye boma ndiye anayetangulia kutia mbegu, ndipo wake za wanawe wafuate, mkubwa kwanza. Akitanguliwa, ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Sisi watu wa kanisa la Jumamosi tunasema chira hatuiogopi. Lakini wakamwana wangu watatu walisimama ukingoni mwa shamba na mbegu zao siku ya kwanza, wakasimama siku ya pili, na hakuna aliyeinua jembe. Majirani walikuwa wameshamaliza kupanda. Nisipoingia mimi, nyumba tatu hazina mahindi.

Siku ya tatu nikavaa mguu wangu nikaingia. Hatua ya nne, udongo mweusi ukaushika. Nikavuta. Mimi nikaja, mguu ukabaki, nami nikaanguka kwa makalio. Ulisimama peke yake kwenye tope na ndara yake, umetulia, ungedhani unataka kupanda wenyewe. Niliutukana kwa Kijaluo, maneno ambayo mchungaji wangu hayajui, au anajifanya hayajui. Kambi ilikuwa imeshaondoka zamani. Hapakuwa na wa kumwambia kwamba nyumbani kuna matope.

"Mama, wacha tu," mkamwana mkubwa akasema. "Tutangoja udongo ukauke."

"Ukikauka mtapanda kwenye nini, kwenye vumbi?"

Akaja kuniinua, nikamkataza. Nikabaki pale pale chini. Nikachimba shimo kwa mkono, nikadondosha punje mbili, halafu, bila kufikiri, nikafukia kwa upande wa kulia, kwa kile kigutu changu. Udongo ulikuwa baridi juu na vuguvugu chini. Miaka yote ile ya kupanda ikanirudia kwa mara moja, na mume wangu akinicheka kutoka upande wa zizi. Nikalia, na sikujificha.

Nikajivuta mbele kidogo, nikachimba shimo la pili, na la tatu. Mstari wangu ulikuwa umepinda, lakini ulikuwa wa kwanza.

Nilipoinua macho, wakamwana wangu wote watatu walikuwa wamevua viatu vyao vya gambuti. Walikuwa wamekaa kwenye tope nyuma yangu, mkubwa kwanza, wanachimba kwa mikono.

"Simameni," nikawaambia. "Nyinyi mna miguu."