Ukili wa Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu Kaole mtoto wa kike alianza kusuka kabla hajajua kufunga leso yake vizuri. Bibi yetu hakuwa na mafunzo ya mdomo. Alimpa mtoto ukindu wa kweli, ule ule aliosukia yeye, akamchania chane nyembamba za kutosha vidole vyake, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mtoto akikosea, bibi hakunyoosha mkono. Alingoja. Mtoto mwenyewe aliliona tundu, akafumua akasuka tena, au akaliacha.

Mimi nilisoma Kurani chuoni miaka mitatu, na huko mambo yalikuwa mengine. Herufi moja ikipinda, ubao wote huoshwa, na kiganja hupata fimbo. Nikazoea kuona kosa ni uchafu.

Mwaka ule mama yetu mdogo aliposwa Mlingotini, na bibi akaanza mkeka wa harusi. Katika nyumba yetu kila mtoto wa kike hutia ukili wake mmoja, utepe aliousuka mwenyewe, katika mkeka huo, uwe mzuri uwe mbaya, na wakwe huonyeshwa upi ni wa nani. Mdogo wangu alikuwa hajatimiza miaka sita. Huo ungekuwa ukili wake wa kwanza.

Alisuka siku nyingi, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, hataki kuitwa hata kula. Ukili ulikuwa huku mpana kama kiganja, kule mwembamba kama kidole, na katikati una tundu.

"Hili dirisha," aliniambia. "Mama mdogo atamchungulia mumewe."

Bibi akamwambia, "Mke mwenzangu, niachie nafasi na mimi nichungulie."

Siku ya kuziunga kili kwa kushona ziwe mkeka, baba alikuwa mjini, maana misafara ya bara ilikuwa imeingia na pembe za ndovu, na nyumbani tulikuwa wanawake watupu. Wakwe walikuwa waje alasiri. Adhuhuri bibi alikwenda kisimani, mdogo wangu akalala. Niliutazama ule ukili nikawaza jinsi wageni watakavyomcheka. Nikaufumua. Nikazilowesha chane zake na kuzisuka upya, ukatoka umenyooka, hauna tundu. Niliona nimemtendea wema.

Alasiri bibi alizitandaza kili zote mbele ya wageni.

"Huu wa kitoto hiki?" aliuliza mama mkwe. "Mashallah, vidole hivi kavirithi kwa nani?"

Mdogo wangu akaugeuza huku na huku. "Si wangu. Wangu una dirisha."

Wakacheka. Mmoja wao akasema, "Tazama maringo yake. Anaikana kazi yake ili asifiwe mara ya pili."

"Si wangu," akarudia. "Dada, waambie."

Mimi mbele ya wageni sauti hunikauka hata kwa shikamoo. Niliinamisha kichwa, nikaokota mabaki ya ukindu sakafuni.

Bibi alinitazama, akauweka kando ule ukili. Aliwaambia wageni ni mfupi mno, haufiki.

Kesho yake alimlowekea mdogo wangu ukindu mpya, akauweka karibu naye, akangoja. Akangoja na siku ya pili, na ya tatu.

"Mpe dada," alisema mdogo wangu, akaondoka na kata yake kwenda kuchota maji.

Mkeka ulikwenda Mlingotini bila ukili wake. Sasa amekuwa msichana, anatwanga na kupika kunishinda mimi, lakini kusuka hasuki. Tukitoa ukindu, yeye hupata kazi nyingine uani.

Miaka yote hiyo sikumwambia. Nilimwambia mwaka huu tukipeta mpunga, maneno yakinitoka moja moja.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Chane zilikuwa zangu, nilizitambua. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwuliza kama angependa nimlowekee ukindu kidogo. Alirusha ungo mara mbili tatu, akapuliza makapi.

"Nikijaliwa watoto, dada," alisema baadaye, "kazi yao usiiguse."

Nikamwambia sitaigusa. Akanisogezea mpunga uliobaki, tukaendelea kupeta.