Somo Nililomfundisha Koplo Saidi

Asubuhi ile zabibu za Makutupora zilikuwa zimeiva, na upepo ulituletea harufu yake mpaka ndani ya hema tulilolifanya darasa. Nilikuwa sajini, tabibu wa jeshi. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa askari waliochaguliwa kwenda nchi jirani, kushirikiana na madaktari wa mataifa mengine kuwatibu wakimbizi wa vita. Tulijifunza kutundika dripu, kuwatenga wagonjwa wa kipindupindu, na kumsikiliza mtu usiyeijua lugha yake.

Koplo Saidi, Mrangi wa kijiji cha Busi, alikaa nyuma na koti lake la mtumba alilonunua Kibaigwa, refu kama kanzu. Wenzake hawakuisha kumtania.

"Ukishampokea mgonjwa," nilisema, "humwachi mpaka umkabidhi kwa mwenzako."

Saidi akanyoosha mkono. "Na wenye bunduki wakija, afande?"

Darasa zima likacheka.

"Hata wakija. Hema la wagonjwa halina adui."

Nilikuwa sijawahi kuiona vita.

Mvua zilipoanza tulikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye hospitali ya mahema chini ya mlima. Milio ya bunduki tuliisikia kwa mbali, tukaizoea kama watu wanavyozoea radi. Saidi alikuwa na mzee aliyekatwa panga pajani. Alimwosha, akamlisha uji, akajifunza kumwamkia kwa lugha ya kwao.

Siku moja adhuhuri milio ilitoka migombani, karibu kabisa.

Daktari mkuu, mama wa Kizungu, akaamuru wanaoweza kuketi wapakiwe kwenye lori. Nilipanda nikiwa nimeshika dripu ya mama mjamzito.

Saidi alikuwa mlangoni mwa hema, mikono ina damu. Kidonda cha mzee kilikuwa kimefumuka.

"Panda!" nilimpigia kelele.

"Sijamkabidhi, afande."

Risasi zikatoboa turubai.

Dereva akaondoa lori.

Kesho yake tulirudi na walinzi. Saidi alikuwa amelala kifudifudi juu ya mzee wake. Wote wawili walikuwa wamekufa. Kiganja cha Saidi kilikuwa bado kimebana lile paja.

Yule mama mjamzito alijifungua salama. Nimejaribu mara nyingi kujifariji kwa hilo. Halinifariji.

Tuliporejea Dodoma niliomba ruhusa nikaenda Busi. Mama yake Saidi alikuwa akipepeta uwele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nilimweleza yote. Hakulia. Aliweka ungo chini, akaniangalia.

"Saidi wangu alikuwa mwoga," alisema. "Mbwa akibweka, anakuja kujificha kwenye kanga yangu. Hata jeshini nilimruhusu kwa sababu nilijua huyu atakimbia, atarudi. Sasa nani alimfundisha kubaki?"

Ningeweza kusema ni jeshi. Ningeweza kusema ni Mungu.

"Ni mimi, mama."

Aliingia ndani, akaniletea maji ya kunywa, akaendelea kupepeta.

Nilirudi Makutupora kwa kundi jipya. Nilipofika kwenye somo lile, niliwaambia vilevile: humwachi mpaka umkabidhi. Kwani mgonjwa naye ana mama yake. Nilifundisha hivyo mpaka nilipostaafu, na kila mara nilichelea kuwatazama wale waliokuwa wakinisikiliza kwa makini.