Karatu Hadi Oldeani kwa Baiskeli, Msimu wa Ngano

Tuliokuwa barabarani ni mimi Marselina, mke wa Boay, na shemeji yangu Gwandu, mdogo wake Boay. Tulikuwa tunakwenda kwa mdogo wangu Paulina, tumbo moja baba mmoja, na mumewe Hamisi, Mnyaturu wa Singida, kibarua wa shamba la kahawa kule Oldeani. Yumo pia mzee Tluway, mdogo wa baba mkwe wangu. Huyo tulikutana naye njiani, na nusura nife kwa ajili yake, ingawa kosa halikuwa lake.

Paulina alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mama yetu alishafariki, kwa hiyo wa kumkanda na kumpikia uji wa samli nilibaki mimi. Jumatano ikaja habari kwamba amedhoofu na maziwa hayatoki. Ilikuwa miaka ya sabini mwishoni, mafuta ya shida, gari la abiria unaweza kulingoja wiki nzima.

Boay akasema, "Subiri gari."

"Baba Paskali, mtoto mchanga hasubiri gari."

"Na malori ya ngano?"

"Kila nikisikia lori nitashuka, nitakaa kwenye majani."

Akanitazama sana. Kisha akaenda kupaka mnyororo wa baiskeli yangu mafuta.

Alhamisi asubuhi, Karatu. Ukungu ulikuwa mzito. Nilifunga kibuyu cha samli kwenye keria kwa mpira.

Gwandu akaanza maneno yake. "Shemeji, hiyo kanga ikiingia kwenye mnyororo tutakuzika nayo."

"Utatangulia wewe, unayefunga breki kwa kandambili!"

Na kweli, baiskeli yake haikuwa na breki. Alikuwa anakandamiza tairi kwa soli ya kandambili.

Tulipopita njia panda ya Oldeani jua lilikuwa limetoka na vumbi jekundu limeamka. Malori mawili yalipita, tukashuka kama nilivyoahidi. La tatu lilikuja polepole, limejaa magunia, na juu ya magunia amekaa mzee Tluway.

"Mke wa Boay! Mnakwenda wapi?"

Sasa kwetu, mke hampigii baba mkwe kelele kutoka mbali. Anamsogelea, anainama kidogo, ndipo anajibu. Nililaza baiskeli kwenye majani, nikaingia barabarani nyuma ya lori, ndani ya vumbi lile, nainama: "Shikamoo, baba!"

Nilisikia Gwandu anapiga ukelele. Alinivuta kwa mkono, tukaanguka mtaroni wote wawili. Lori jingine lilipita pale pale nilipokuwa nimesimama, na kanga yangu ya mabegani ikaenda nalo, imenasa kwenye bampa.

Dereva alisimama mbele, akarudi kwa miguu na kanga mkononi. Anaitwa Athumani, mfupi.

"Mama, unataka nifungwe? Sikuoni! Mimi nafuata vumbi la mwenzangu tu."

"Nilikuwa namsalimia mkwe wangu."

"Msalimie nyumbani! Malori ya shamba letu yanafuatana mawili, matatu. Likipita moja usiingie. Ngoja mpaka uone majani ya upande wa pili. Ukiyaona, hapo barabara ni yako."

Gwandu akasema turudi nyumbani. Nikamwuliza, "Paulina atakunywa uji wa nani?" Nikapanda baiskeli.

Saa nane mchana, Oldeani. Hamisi alitupokea mlangoni. "Karibu, dada, umekuja kutuokoa." Paulina alikuwa amebaki macho tu. Nilimkanda, nikampikia, nikamlazimisha kunywa. Siku ya tatu maziwa yalitoka mpaka yakalowesha nguo, na Hamisi akacheka peke yake kama mwehu.

Jumatatu tuliondoka. Kwenye mlima Gwandu akaona lori linapanda polepole, akataka kushika mnyororo wake wa nyuma ili limvute.

"Ukidandia, utamweleza kaka yako kwamba umeniacha njiani."

Akanung'unika, akaacha.

Karibu na njia panda nikasikia malori nyuma yetu. Tukashuka. Juu ya magunia ya la kwanza, mzee Tluway tena!

"Mke wa Boay! Mtoto hajambo?"

Miguu yenyewe ilitaka kwenda. Nilishikilia usukani kwa nguvu, nikainua mkono mmoja tu. Akaguna, akageuka. Likapita la pili. Gwandu akanyanyua baiskeli, nikamshika shati. Likapita la tatu, bila taa. Tulingoja mpaka nikayaona majani ya ng'ambo, tukaondoka.

Jioni, nyumbani Karatu, mzee alikuwa ameshafika, amenuna. "Boay, mkeo amenipita kama nguzo."

Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba. Nyuma yako kulikuwa na malori mawili. Ningekuja kukusalimia, leo ungekuwa unanichimbia kaburi."

Mzee akaniambia niinuke. Kisha: "Marahaba. Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

Wiki ile ile aliwaita wake wa wanawe wote, akawaambia salamu zake zimngoje nyumbani. Tangu siku hiyo, miaka yote niliyoendesha, sikuingia kwenye vumbi la lori, hata anayeniita awe nani.

Pengine dereva hakuwa Athumani, au siku ya kurudi haikuwa Jumatatu. Anayekumbuka vizuri kuliko mimi anisahihishe, sitakasirika. Ila habari ya kungoja vumbi liishe, hiyo asinibishie.