Sanda na Mafuta ya Mmea Mmoja

Wanaosema Bi Geum-ok alimlewesha mwanawe bangi, na waseme huku wamemtazama usoni. Majani yote ya bangi ya shambani mwake huchomwa kila msimu mbele ya ofisa wa wilaya, kama sheria itakavyo, naye mwenyewe husimama kwenye moshi mpaka jivu lipoe. Anachobakiza ni mashina ya kufumia kitambaa, kama walivyofanya wakwe zake hapo Andong kizazi hata kizazi.

Ukweli ni huu. Mumewe alipofariki, Seong-u, mwana wa pekee, alijilaza akaugeukia ukuta. Chakula kilimshinda, ndevu zikamwota. Dawa alizoandikiwa zilimpita kama maji juu ya jani la yungiyungi. Asubuhi moja mama yake alikuwa akichana nyuzi za mashina yale kwa meno na kuziunga juu ya goti. Seong-u akatoka, akalipapasa jora lililokuwa tayari.

"Mama, hili la nani?"

"La atakayelihitaji."

"Basi nipime mimi."

Kitambaa hicho ndicho sanda ya watu wa Andong. Bi Geum-ok, mwalimu aliyestaafu, hakuwahi kukosa jibu maishani mwake. Siku hiyo alilikunja jora, akaliondoa mbele yake.

Juma lile akasikia kuwa madaktari wa mjini wanatafuta wagonjwa wa sonona wa kujaribia mafuta yasiyolevya, yaliyokamuliwa kwenye mmea ule ule. Wengine wangepewa hayo, wengine mafuta matupu, wala mtu asijue kapata yapi mpaka mwisho. Seong-u akasema, "Nitakwenda, Mama, ukinisindikiza."

Shemeji yake Bi Geum-ok, Mzee Byeong-gil, ndugu wa marehemu mumewe, akaja mbio.

"Shemeji, jina la ukoo litanuka bangi!"

"Baba yako tulimzika na nini? Hariri?"

"Ile ilikuwa nguo!"

"Na nguo ilidondoka mbinguni? Maiti tunawavika mmea huu hatuoni haya. Aliye hai akiuhitaji ndipo unageuka najisi?"

Mzee akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake.

Bi Geum-ok akavaa vazi lake jeupe la heshima, akampitisha mwanawe katikati ya soko, jua la utosi. Wauza pilipili wakaacha kupima.

"Mama Seong-u, mnakwenda harusini?"

"Hospitali. Mwanangu anaumwa roho. Mlitaka kujua, mmejua."

Nuru ikamrudia Seong-u kidogo kidogo. Siku ya kumkumbuka baba yake alinyoa, akapiga magoti mbele ya meza ya wahenga, akamimina pombe ya mchele. Jora lile mama alikuwa amelifungia sandukuni. La mama mwenyewe hilo, siku yake ikifika.

Majaribio yalipokwisha, daktari alimweleza Seong-u alikuwa kundi lipi. Kama mafuta yale yanatibu kweli, madaktari wenyewe bado wanapima. Mzee Byeong-gil, yuko mezani kwa Bi Geum-ok mdomo umejaa keki ya mchele, akashindwa kuvumilia.

"Haya Shemeji, kijana alipewa yapi?"

"Kula, Shemeji. Mwanangu yu hai, na jina lenu limesimama. La zaidi silisemi."