Alama za Meno kwenye Betri

Nilimkuta Papa ameketi barazani na betri mdomoni, anaiuma kwa meno ya upande kama mtu anayevunja mfupa. Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

"Papa! Itoe mdomoni! Itoe!"

Papa ndiye mwenye nyumba nilimopanga chumba, mzee aliyestaafu reli. Macho yake yamefifia na dunia yake yote imebaki ndani ya redio moja. Aliitoa betri taratibu, akaifuta kwa shati.

"Kelele ya nini, mutoto? Nimeuma betri tangu wewe hujazaliwa."

Kweli, huku kwetu sote tunafanya hivyo. Redio ikianza kukoroma, unatoa betri, unaiuma au unaigonga kwa jiwe, kisha unaianika juu ya bati. Jioni redio inasema tena. Nimefanya hivyo Kabimba nikibeba saruji, nikafanya hivyo Manono nikiendesha pikipiki. Lakini hii haikuwa betri ya dukani. Nililifahamu kopo lake, kwa sababu mimi na binti yake Papa tulikuwa tukizitengeneza betri kama hizi kazini.

Kiwanda chetu kiko ndani ya uzio karibu na bandari, katika eneo huru la biashara ya nje. Sisi tunaliita zoni. Makopo, karatasi za shaba zilizopakwa unga mweusi, utando mweupe mwepesi kama nailoni, vyote vinavuka ziwa kutoka Kigoma. Sisi tunakunja, tunaingiza koponi, tunafunga. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Nilimuuliza mwalimu mgeni anayetufundisha kazi, kupitia mkalimani, ule utando ni wa nini. Akasema ndio unaotenganisha karatasi mbili. Zikigusana, moto.

Na sheria ya zoni kila mtu anaijua: kilichomo ndani kinahesabiwa bado kiko ng'ambo. Ukitoka na hata kifuniko kimoja, siku hiyo hiyo huna kazi.

"Papa, nani amekuletea hii?"

Uso wake ulibadilika. "Inachoma," alisema kwa mshangao, halafu akapiga yowe. Betri ilianguka mkekani ikapiga mluzi, ikatema moshi mweupe, kisha ulimi wa moto mrefu kuliko mkono wangu. Mkeka ukashika. Nilimvuta Papa kwa mabega, nikamwaga ndoo ya mchanga, nikamwaga nyingine. Moto ulipozima, ngozi ya kiganja chake ilikuwa imebambuka kama ganda la kiazi.

"Zingine ziko wapi?"

"Juu ya bati," alisema. "Zinaota jua."

Nilipanda. Sijawahi kushika kitu kwa adabu kama nilivyozishika zile betri. Nilizifukia mchangani nyuma ya nyumba.

Binti yake, ambaye sote tunamwita Mama na ninayekaa naye meza moja kazini, alirudi kutoka misani akanikuta nimemfunga baba yake mkono kwa kitambaa. Alikaa chini na nguo yake ya kanisani.

"Zilikuwa zile mbovu, za kutupwa," alisema. "Nilizificha ndani ya kilemba. Nilitaka tu asikie habari zake za redio."

"Nyamaza, hakuna aliyeona," nilimwambia. "Kazi yako njo inalisha nyumba hii."

"Na wengine?"

"Wengine gani, Mama?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Wewe unayeuliza kila kitu, hilo hukuuliza? Unafikiri ni mimi peke yangu nina baba?"

Nilianza kuona mabati ya mji mzima, na betri zetu juu yake.

Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, Mama alisimama mbele ya wote.

"Papa yangu aliuma moja ya hizi. Ililipuka mkononi. Nilizitoa mimi. Wazee wetu watauma, munajua watauma."

Mkalimani alitafsiri. Mwalimu akamwomba arudie.

"Wanauma? Kwa meno?"

"Kwa meno," alisema mkalimani, bila kumtazama.

Mama alivua glavu, akaziweka mezani mbele yangu. Langoni walimkagua kwa mara ya mwisho, hata kilemba wakakifungua. Kisha akaenda zake kwa miguu.

Langoni hawakagui wanaoingia. Asubuhi iliyofuata lile pipa la mchanga tunamotupia mbovu, ambalo jana lilikuwa nusu, lilikuwa limejaa hadi betri zinamwagika sakafuni. Watu walipita kando yake, kila mmoja akitazama viatu vyake. Niliinama nikaokota moja. Kwenye kopo kulikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaribiana, na nyuma yake kimoja.

Niliirudisha mchangani polepole, kama yai, nikaenda kukaa kwenye meza yetu peke yangu.