Saini Nane za Utunzaji

Watu wa makumbusho walimwita Mama Funguo, na jina hilo lilimkaa vizuri. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyefungua na kufunga stoo ya chini, chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma na vitu elfu nne ambavyo wageni wa ghorofa ya juu hawakuwahi kuviona: ngoma zilizopasuka, vikapu, kofia za shanga, viti vya miguu mitatu. Alivijua kimoja kimoja, na vingine alivisalimia asubuhi. Usimcheke, na wewe ungekaa chini huko ungesalimia.

Mkurugenzi mpya alikuwa mtu wa tabasamu na makaratasi. Alimwita ofisini, akamkalisha kitini, akatumia ule upole unaotangulia habari mbaya.

"Mama, kuanzia muhula ujao stoo lazima iwe mikononi mwa mtu anayesomea utunzaji wa vifaa. Si mimi, ni kanuni."

"Lakini nasoma, mkurugenzi. Digrii ya historia, na makumbusho ndiyo fani yangu ndogo."

"Vizuri sana. Basi niletee karatasi inayoonyesha umeandikishwa somo la utunzaji lenyewe. Ukiileta, hakuna atakayekugusa."

Kumbe karatasi hiyo ilikuwa kazi. Fani ndogo ilikuwa na masomo manne ya hiari, na mwanafunzi alitakiwa kuchagua mawili. Hiari gani, sijui. Wanafunzi wote walikimbilia Makumbusho na Utalii, kwa sababu mtihani wake ulikuwa safari moja na insha ya kurasa mbili. Waliobaki walikwenda Maonyesho ya Mtandaoni. Utunzaji wa Vifaa ulikuwa na vumbi, kemia, na mwalimu aliyeitwa Wembe kwa jinsi alivyokata maksi. Somo hilo halikufundishwa mpaka wapatikane wanafunzi wanane walioweka saini kwenye orodha moja, na kwa miaka mitatu wanane hao hawakupatikana.

Mama Funguo akapiga moyo konde. Saa yake ya chakula cha mchana alivuka barabara hadi chuoni, nguo za kazi mwilini, akawavizia vijana mlangoni mwa maktaba. Aliwabembeleza, aliwatania, aliwaahidi kuwaonyesha vitu ambavyo hata waziri hajaviona. Mmoja alikubali kwa sababu alimkumbusha shangazi yake. Wawili waliweka saini bila kusoma walichotia saini. Nyumbani binti yake, fundi cherehani, alimwangalia akivua viatu na kukanda miguu iliyovimba.

"Mama, unatafuta saini kama mgombea udiwani."

"Mgombea udiwani akikosa anarudi dukani kwake. Mimi nikikosa narudi wapi?"

Binti aliinuka. Alimletea maji ya moto ya kuloweka miguu.

Saini ya nane aliipata Alhamisi. Ijumaa, siku ya mwisho, saa nne asubuhi alikuwa mbele ya karani wa kitivo, moyo ukimdunda kwa furaha. Karani aliipokea orodha, akaisogeza karibu na macho, kisha akaisogeza mbali.

"Mama, hii ni penseli."

"Ndiyo, mwanangu."

"Yote? Na saini?"

Yote. Stoo ni marufuku kuingia na kalamu, kwa sababu tone moja la wino likidondokea ngozi ya ngoma haliondoki milele. Mama Funguo hakuwa amebeba kalamu ya wino kazini tangu aajiriwe, na kila kijana aliyemkamata alimpa penseli ile ile aliyoichomeka nyuma ya sikio. Mtihani aliufanya kwa wino kama wenzake. Kazi yake aliifanya kwa penseli, na orodha ile kwake ilikuwa kazi. Kwamba chuo kingetaka wino, halikumpitia akilini hata kidogo.

"Fomu ya penseli siyo fomu. Mtu anaweza kufuta."

"Mwanangu, stoo kwangu kuna lebo za penseli zina miaka mia, zinasomeka. Za wino zimepauka zote."

"Hilo sikatai, Mama. Lakini tunafunga saa sita."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, magoti mabovu, alizunguka vyumba vya mihadhara, kantini, mpaka mlangoni mwa bweni la wavulana, safari hii na kalamu ya kuazima mkononi. Aliwapata watano. Watatu waliandika upya. Wa nne alisema ataandika wakitimia. Wa tano, yule wa shangazi, aliangalia chini.

"Nisamehe, Mama. Nimeshajiandikisha Utalii jana. Nilidhani hamtafika wanane."

Saa sita ikampita akiwa bado kwenye ngazi. Alikaa pale pale, akalia kwa sauti, na wanafunzi wakampita pembeni kwa adabu. Jumatatu kompyuta ya chuo ilimchagulia yenyewe: Makumbusho na Utalii.

Mkurugenzi hakumgombeza. Alimhamishia mlangoni akate tiketi, mshahara ule ule, na akaleta msichana aliyekuwa anasomea utunzaji chuo kingine. Siku ya makabidhiano mkurugenzi alisimama kando wakati msichana akifungua droo na kuinua kofia ya shanga kwa ukingo wake.

"Taratibu, mwanangu," Mama Funguo alisema. "Weka kiganja chini. Uzi wake umeoza, ukishika pembeni shanga zote zinamwagika."

Msichana alitii haraka, uso umemshuka. "Sijafika hapo kwenye masomo. Mama, unaweza kuwa unashuka mara moja moja, unionyeshe?"

Mama Funguo alimgeukia mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile alikuwa na tumaini. Angeshuka kila siku, bila malipo, hata siku ya mapumziko.

"Wasiosomea hawaruhusiwi ndani," mkurugenzi alisema, kwa upole ule ule. "Kanuni ni ya wote, Mama."

Akamshikia mlango. Msichana alibaki kati ya rafu na kofia kiganjani, hajui pa kuiweka, na Mama Funguo, aliyejua, akatoka.