Nani Hukwambia Mwangaluka?

Hata sasa Baba Noela, mchimbaji wa Bulyanhulu, humkumbuka kwa mapenzi muuguzi yule mzee wa wodi ya wagonjwa wa akili mjini Shinyanga, Mola amjazi kheri, aliyekuwa akiinyoosha karatasi kwa kiganja kabla ya kuuliza lolote. Siku Baba Noela alipokuwa akiruhusiwa kutoka wodini, muuguzi alimuuliza kwa upole, “Wazo la kujiua likirudi, utamwita nani?”

“Sina mtu kule machimboni.”

“Kukipambazuka, nani hukuamkia kwa Kisukuma, hukwambia mwangaluka?”

Baba Noela akacheka. “Mama muuza uji tu, tena hunisuta: ‘Wewe mvivu, uji umepoa!’”

“Basi huyo ndiye wa kwanza.” Kwa idhini yake akampigia simu yule mama, akamweleza, wala hakutia saini ya ruhusa mpaka alipojibiwa: “Mwambie arudi. Asiponiamkia, nitamfuata mlangoni.”